Ajenda ya Tatu

Tulikutana kwenye maegesho ya jengo letu, Upanga,
kati ya gari la Bafadhili, lisilowaka tangu Pasaka,
na ndoo zilizowahi foleni kabla ya wenyewe.
Mimi karani: daftari la kaunta, kalamu ya bluu.
Ajenda ya kwanza, maji. Ya pili, maji.
Ya tatu, Lugha Rasmi ya Kamati.

Rweyongeza akasimama, miwani juu ya paji.
"Tuseme kweli, humu ndani mwenyeji nani?
Mimi natoka Kamachumu.
Babu yake Mama Pirbhai alishuka na majora kutoka Kachi.
Kalombo kavuka ziwa na watoto wawili na redio.
Nyangige wa Tarime, akitusalimia tunadhani anagomba.
Jengo la wahamiaji linataka lugha isiyo ya mtu.
Kiingereza hakina shangazi humu ndani.
Tangazo, risiti, muhtasari, vyote Kiingereza,
hata kampuni ya lifti itaanza kutujibu."

Makofi. Mengine ya kweli.

Mama Pirbhai akacheka mpaka kikamshika kikohozi.
"Kiingereza nakijua, baba, nilikisomea kwa fimbo.
Lakini usiku ule mume wangu alipoanguka bafuni
nilipiga kelele, *Jamani!*
na milango sita ikafunguka.
Ningepiga ipi nyingine?"

Kalombo hakuinuka kwenye ndoo aliyoikalia.
"Nilipofika nilisema *batoto*, mkacheka.
Mwaka wa pili nikasema *watoto*,
mkacheka jinsi nilivyolisema.
Kwa Kiingereza tutachekwa sote, sawasawa.
Mimi nasema ndiyo."

Hapo hakuna aliyepiga makofi.

Nyangige alizungumza akitazama viatu vyake.
Binti yake shuleni akiteleza Kiswahili
anavishwa kibao shingoni hadi kengele ya mwisho.
Jioni kibao hakipo,
ila bado anamjibu baba kwa kichwa.
"Ada nalipa mwenyewe," akasema, akakaa,
na sikujua nimwandike upande gani.

Nandonde, mlinzi, hakuulizwa.
Alikuwa kando ya lango, mpira wa maji mkononi, mkavu.
Mwezi uliopita tulibandika tangazo pale kwenye pampu,
Kiingereza safi, herufi kubwa, kwamba isiwashwe.
Akalitazama, akausifu mwandiko,
akawasha.
Ndiyo maana ajenda ya kwanza ilikuwa maji.

Karani hasemi. Lakini nilitaka kusema juu ya bibi,
Moinaecha, aliyekuja kutoka Ngazija akiwa na mimba ya mama.
Alisali kwa Kiarabu, alitugombeza kwa Kiswahili,
hela zake alizihesabu kwa Kingazija, mgongo katupa.
Alipofariki, zile namba nazo zilikwenda.
Nakipenda Kiswahili, sina kingine,
ila nacho kina meno:
kilimla bibi taratibu, kwa adabu,
kikimkaribisha chai.
Sikusema. Nikapiga mstari chini ya neno *Rasmi*.

Saa mbili nzima walikipigania Kiingereza,
kwa methali, kwa wallahi, kwa "we acha tu",
Rweyongeza akitoa mifano ya fisi na mfupa,
na hata mmoja hakuona lugha aliyoishika mkononi
kama mtu anayetafuta miwani iliyo juu ya paji lake.

Kura: tisa, tisa.
Mwenyekiti akavuta pumzi atoe ya kwake,
na Nandonde akapaza sauti langoni:
"Yametoka!"
Hakusema nini. Ngeli ilitosha.
Kachi, Tarime, Kamachumu, wote mbio na ndoo,
Kalombo mbele, ya kwake ikiwa tayari chini yake.

Nilibaki na viti.
Nikaandika: ajenda ya tatu, imeahirishwa.
Nandonde akaja na suruali iliyolowa hadi magotini,
akachungulia daftari.
"Hapo umeandika nini?"
Nikamsomea, tangu mwanzo.
Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa,
akarudi kulifunga bomba.